Muyaka bin Haji, Malenga Aliyehojiwa Baada ya Kufa

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mimi na vijana wenzangu watatu wa Mji wa Kale tulitunga mchezo wa kuchekesha tuliotarajia kuupeleka redioni. Ndani yake mlikuwa na bwana mmoja wa kubuni tuliyempa jina la Profesa Najua. Profesa huyu alikuwa na miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutazamia watu, na kazi yake ilikuwa kuwahoji watungaji wa mashairi na vitabu, walio hai na waliokufa, kwani yeye tofauti hiyo hakuijali. Akiuliza swali hujijibu mwenyewe. Akimaliza kujijibu huliuliza tena kwa maneno mengine, akajisahihisha, kisha akajishukuru. Mgeni akifungua kinywa tu, wakati umekwisha, na Profesa huwaaga wasikilizaji kwa ahadi ya mazungumzo marefu zaidi wiki ijayo.

Sauti ya Profesa niliitoa mimi. Mgeni wetu wa kwanza alikuwa Muyaka bin Haji. Tulimchagua kwa uvivu tu: jina lake kila mtu Mombasa alilijua, nasi tulidhani kwamba kulijua jina la mtu ni sawa na kumjua mwenyewe. Nilipokaa kuandika maswali nikaona sina hata moja la maana. Sikujua aliishi wakati wa liwali gani, aligombana na nani, wala kwa nini mashairi yake mengine ni ubeti mmoja peke yake, kama jino lililobaki katika ufizi. Basi nikaanza kutafuta, na haya ninayomsimulia msomaji ni yale niliyoyapata tangu siku zile, mengine vitabuni na mengine barazani.

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alikuwa mtu wa Mombasa. Wataalamu kwa kawaida huweka kuzaliwa kwake mwaka 1776 na kufa kwake mwaka 1840. Wakati huo Wareno walikuwa wamekwisha kutolewa Ngomeni tangu mwaka 1698, na ukoo wa Mazrui, waliokuja kwanza kama maliwali wa mfalme wa Omani, walikuwa wakiutawala mji kwa amri yao wenyewe. Hawakuutawala peke yao. Mji ulikuwa na wenyewe, nao ni Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa na Taifa Tatu, na liwali aliyejifanya kuwasahau wazee wa taifa alijua mara moja kwamba ngome ni mawe tu. Mchele ulitoka Pemba, ambayo ilikuwa chini ya Mombasa. Pembe za ndovu zilitoka bara kwa mikono ya Mijikenda. Vyombo vilikuja na kaskazi vikaondoka na kusi.

Katika mji huo Muyaka hakuwa kadhi wala hakuwa imamu. Alikuwa mtu wa baraza na wa biashara, mara yuko na neema, mara mkono uko mtupu, na hali zote mbili alizitungia. Kabla yake, mashairi yaliyohifadhiwa kwa maandishi katika pwani yetu yalikuwa zaidi ya dini: tenzi na kasida, sifa za Mtume, mawaidha juu ya dunia isiyodumu, kama Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Wasomi wamezoea kusema kwamba Muyaka ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Mimi naona usemi huo umepita kiasi kidogo. Wanawake walikuwa na nyimbo zao za harusini na za jikoni, mabaharia walikuwa na zao, na nyimbo za gungu zilichezwa kabla hata babu yake Muyaka hajazaliwa. Alichofanya Muyaka ni kulichukua shairi la mishororo minne, lenye mizani kumi na sita kila mshororo na kina cha kati na cha mwisho, akalifanya liweze kubeba jambo lolote: vita, deni, mapenzi, njaa, rafiki aliyegeuka, ugomvi wa nyumbani. Baada yake hapakuwa na mtu Mombasa wa kuuliza kama jambo dogo linastahili kutungiwa shairi.

Lakini lililompa jina kubwa ni siasa. Na hapa yafaa nikae kidogo, maana bila kuijua siasa ya wakati ule mashairi yake ni mafumbo matupu.

Kiasi cha mwaka 1812 watu wa Mombasa na wenzao wa Pate waliungana kwenda kuupiga Lamu. Walishuka Shela, wakapigana, wakashindwa vibaya. Vita hivyo wengine huviita vita vya Shela na wengine vita vya Kuduhu. Watu wa Lamu, kwa kuhofu kurudiwa, wakaomba hifadhi ya Seyyid Said wa Omani, naye akawapelekea liwali na askari. Tangu siku hiyo Mombasa ikawa na adui mwenye marikebu nyingi aliyekwisha kupata mlango wa kuingilia pwani.

Mwaka 1814 liwali wa Mombasa akawa Abdallah bin Ahmad al-Mazrui, mtu mwenye moyo mgumu, asiyetaka hata kidogo kumnyenyekea Seyyid Said. Muyaka alikuwa upande wake kwa dhati. Alitunga ya kuutia mji ushujaa, ya kuwakejeli waliosita, na ya kuwajibu washairi wa Lamu, ambao nao hawakuwa watu wa kuchezewa. Kule Lamu alikuwako Bwana Zahidi Mgumi, kiongozi na mshairi, na mashairi yakawa yanakwenda na kurudi baina ya miji miwili kama mishale. Hebu msomaji afikiri jinsi kazi hiyo ilivyokwenda. Shairi latungwa Mombasa, lahifadhiwa na mtu mwenye kichwa kizuri, lapanda chombo, lafika Lamu, lasomwa mbele ya watu wale wale waliotukanwa. Wao hulicheka, hulikasirikia, hulipima vina, wakatafuta kosa lake. Kisha jibu hurudi. Hiyo ndiyo iliyokuwa redio ya wakati ule, nayo haikuwa na Profesa Najua wa kumkata mtu kauli. Mjini, kulisahau shairi la adui ilikuwa fedheha kama kushindwa kulijibu.

Mambo yalipoharibika yaliharibika kwa haraka. Katika mwaka 1822 na 1823 Pemba ikachukuliwa na watu wa Seyyid Said, na pamoja na Pemba ukaenda mchele. Mwaka huo wa 1823 Abdallah bin Ahmad akafariki. Aliyemfuata, Suleiman bin Ali, alikuwa mtu mzima aliyeona kwamba mji hauwezi kusimama peke yake, akatafuta himaya ya Waingereza. Alipofika Kapteni Owen na manowari yake Leven, mwezi wa Februari 1824, alikuta Mazrui wamekwisha kuipandisha bendera ya Kiingereza wenyewe. Owen akaikubali himaya bila ya kupewa ruhusa na serikali yake. Kijana aliyeachwa kuisimamia, Luteni Reitz, alikufa kwa homa mwaka huo huo, na jina lake ndilo tunalolitaja kila siku tunaposema Port Reitz, ingawa wengi wa abiria wa matatu hudhani ni jina la kampuni. Jina la Leven nalo limebaki katika nyumba ile ya Mji wa Kale karibu na maji. London haikuitaka himaya ile, na mwaka 1826 bendera ikashushwa. Mji ukabaki na njaa yake na adui yake.

Mwaka 1828 askari wa Seyyid Said waliingia Ngomeni, wakazingirwa humo humo na watu wa mji mpaka wakatoka. Alirudi tena, akashindwa tena. Alichokipata mwishoni hakukipata kwa mizinga. Salim bin Ahmad alipokufa mwaka 1835, Mazrui waligombana wao kwa wao juu ya nani awe liwali, na baadhi ya wakubwa wa taifa wakachoka nao, wakafanya shauri na Seyyid Said. Mwaka 1837 akaingia. Wakubwa wa Mazrui walikaribishwa kwa maneno mazuri, kisha wakakamatwa, wakatiwa chomboni wakapelekwa Ghuba, na huko wakaishia. Jamaa zao waliosalimika wakahamia Gasi na Takaungu.

Muyaka alikuwa mtu wa miaka sitini hivi. Alikuwa ameuimba mji huu kwa majina yake ya zamani, Kongowea na Mvita, akiusifu kwa watu wasioshikika. Sasa aliuona umeshikwa, na walioufungua mlango walikuwa watu wa ndani. Mtu aliyekuwa akiwacheka wa Lamu kwa kujitia chini ya Seyyid Said akaishi miaka yake ya mwisho katika mji ulio chini ya Seyyid Said. Sidhani kuna malenga wa pwani aliyepewa mtihani mkubwa kuliko huo. Mashairi ya kejeli yana ubaya huu, kwamba hubaki midomoni mwa watu hata siku ambayo wewe mwenyewe ungependa wayasahau.

Kisha akafa, Mwenyezi Mungu amrehemu, na hakuacha kitabu.

Hapa ndipo mchezo wetu wa redio ulipokwama. Profesa Najua alikuwa na la kumwambia Muyaka, lakini mimi niliyeandika nilitaka kujua mashairi yamefikaje kwetu, ikiwa mwenyewe hakuyaandika kitabuni. Nikaambiwa nimtafute mtu mwingine, na jina la mtu huyo lilitufanya sote wanne tucheke mpaka machozi yatutoke. Aliyemwokoa Muyaka anaitwa Mwalimu Sikujua.

Wallahi hatukulitunga sisi. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alikuwa mwanachuoni na mshairi wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Alizunguka akiwauliza watu mashairi ya Muyaka waliyoyahifadhi, akayaandika kwa herufi za Kiarabu. Msomaji na afanye hesabu. Kijana aliyemsikia Muyaka akiwa na umri wa miaka ishirini, mwaka wa mwisho wa uhai wa malenga, alikuwa na miaka sitini ilipofika 1880. Wale waliomjua Muyaka katika nguvu zake, walioyasikia mashairi ya wakati wa Shela yakiwa mapya, walikuwa karibu wote kaburini. Sikujua alikuwa akikusanya maji kwa kawa katika kisima kinachokauka.

Tena kazi haikuwa ya kuandika maneno tu. Ubeti wa Muyaka bila ya kisa chake ni ufunguo bila ya mlango. Nani aliyetajwa kwa jina la ndege? Shairi hili lilikuwa la kumsuta nani, na yule akajibu nini? Vile vibeti vya peke yake nilivyovistaajabia, sasa navielewa: ni vile vilivyokatika, watu wakakumbuka ubeti mtamu mmoja wakapoteza wenziwe. Kila kisa tulicho nacho kuhusu mashairi yale, kuna mtu aliulizwa, akajibu, na muulizaji akanyamaza akasikiliza.

Kazi hiyo Mwalimu Sikujua aliifanya pamoja na mtu ambaye sisi Waislamu wa pwani tuna kila sababu ya kumtazama kwa jicho la pembeni, naye ni padri wa Kiingereza, W. E. Taylor. Alifika Mombasa mwaka 1880 kwa kazi ya misheni. Alichokuja kukitafuta katika Mji wa Kale hakukipata sana, lakini Kiswahili alikipata, na haki ya mtu isidhulumiwe: Wazungu waliokijua Kimvita kama yeye ni wa kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja. Aliyachukua mashairi kutoka kwa Mwalimu, akayatilia maelezo pambizoni juu ya maana za maneno na visa vyake. Alipofariki, mwaka 1927, karatasi zake zikaishia London, katika chuo kinachofundisha lugha za Mashariki na za Afrika.

Mwaka mmoja baadaye, 1928, mkutano ulifanywa papa hapa Mombasa kuamua ni Kiswahili cha wapi kitakachokuwa cha shule na vitabu katika nchi zote za Afrika Mashariki. Kimvita kikashindwa nyumbani kwake, wakachagua Kiunguja. Sina ugomvi na Waunguja, wala sasa hautafaa kitu. Lakini tangu hapo mtoto wa Kibokoni akawa anafundishwa shuleni kwamba njia ndiyo sahihi, kisha akitoka anapita Ndia Kuu kurudi kwao. Na Kimvita ndicho alichokitungia Muyaka. Kila mwaka uliopita, mashairi yake yalizidi kuwa mageni kwa wajukuu wa watu wake.

Diwani ya Muyaka ilitoka mwaka 1940. William Hichens ndiye aliyeihariri kutoka katika karatasi za Taylor, ikachapishwa Johannesburg na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Yaani shairi lililosemwa barazani Mombasa lilikwenda London, likashuka mpaka Afrika Kusini, ndipo likarudi Mombasa likiwa limevaa herufi za Kizungu, tena kwa nakala chache. Mwaka 1979 Profesa Mohamed H. Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi akatoa kitabu chake juu ya Muyaka, kina mashairi, tafsiri na maelezo ya wakati ule. Huyo ni profesa wa kweli. Nakala niliyoiazima nilikaa nayo miezi minne, mwenyewe akanitumia mtoto kuidai.

Sasa nirudi kwa mchezo wetu. Tuliurekodi uwani kwa nyanya yangu, mtaa wa Kuze, kwa redio ya kaseti ambayo mwenzetu mmoja aliletewa na kaka yake kutoka Ghuba. Ilikuwa baada ya alasiri. Profesa Najua alikuwa amepamba moto, anamweleza Muyaka maana ya mashairi ya Muyaka, na kwa kiburi chake akasoma ubeti mmoja huku ameuvuruga. Makosa yale tuliyaweka kwa makusudi, ili watu wacheke.

Nyanya yangu alikuwa ndani akichambua mchele. Hakujua kama ni mchezo. Alichosikia ni shairi lililoharibiwa, na hilo hakuweza kulivumilia. Akatoka na leso yake begani, akaniambia kina cha kati si hicho, akausoma ubeti kama ulivyo. Kisha, kwa kuwa ameshasimama, akaendelea na beti mbili nyingine zilizoufuata, akatueleza na kisa: aliyesemwa ni nani, kosa lake lilikuwa nini, na mkewe alifanya nini siku shairi lilipomfikia. Alikuwa ameyapata kwa nyanya yake mwenyewe.

Nami nilikuwa nimekwisha kubonyeza kitufe nikazima. Betri zilikuwa ghali, na tulikuwa tumebakisha upande mmoja wa kaseti kwa mchezo mzima. Tulimsikiliza kwa adabu, tukamshukuru, tukamwambia tutakuja siku moja tukae naye vizuri aturekodie yote. Akarudi kwenye mchele wake. Mchezo ukaenda redioni ukarudishwa kwa maelezo kwamba hauchekeshi, na kwa kweli haukuchekesha. Wenzangu wawili wakapata kazi Dubai. Nyanya alifariki mwaka uliofuata, siku chache kabla ya Ramadhani, na ile siku moja ya kukaa naye haikuwa imefika.

Ubeti ule wa kwanza nimeukuta katika diwani ya Hichens, umesimama peke yake, bila ya wenziwe. Zile beti mbili sikuzipata humo, wala katika kitabu cha Profesa Abdulaziz. Siwezi kuapa kwamba zilikuwa za Muyaka. Huenda ni za mtu mwingine aliyezishonea baadaye, kama watu wa mji huu walivyozoea. Nimewauliza wazee wa Kuze, wa Kibokoni, na bibi mmoja aliyehamia Likoni. Mmoja alikikumbuka kile kisa, lakini akamtaja mtu mwingine. Mwingine alinipa ubeti wenye kina kile kile cha mwisho, na maneno yake si yale.

Kaseti ninayo mpaka leo. Mwaka juzi kijana wa dada yangu aliniwekea katika simu yake nikaisikiliza tena. Inasikika sauti yangu ya ujana, nimeibana puani nikimsomesha Muyaka. Inasikika mikeka, na mwenzangu mmoja akijizuia kucheka. Kisha mlango wa ndani unalia, na nyanya anavuta pumzi ya kutaka kusema. Hapo pana mlio mdogo wa kitufe, na baada yake ni Profesa, anaendelea.